Ulaya inauza urani ya nani?

Swali la msomaji: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, hapa Songea. Nikiandaa somo la biashara ya madini nilikuta chati ya mauzo ya nje ya madini ya fueli ya nyuklia kutoka Ulaya, na mstari wake unapanda. Lakini vitabu vinasema migodi ya urani ya Ulaya imefungwa karibu yote. Wanafunzi wakanibana: wanauza nini, na wamekipata wapi? Na sisi tulio jirani na mradi wa urani wa Mkuju, urani yetu itahesabiwa huko? Nisaidie nisije nikawadanganya watoto wa watu."

Marahaba, Mwalimu. Chati yako iko sawa, na vitabu navyo viko sawa. Ulaya ya leo karibu haichimbi urani kabisa, na papo hapo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa urani duniani. Inachouza ni urani iliyochimbwa Kanada, Kazakhstan, Niger, Namibia au Australia, ikaingia Ulaya, ikasafishwa, ikabadilishwa, ikarutubishwa, wakati mwingine ikaundwa kuwa fueli kamili, kisha ikatoka tena. Na mara nyingi hata mwenye mali si Mzungu: ni kampuni ya umeme ya Marekani au ya Asia iliyopeleka urani yake ikafanyiwe kazi kwa malipo.

Waambie wanafunzi waanzie kwenye namba za forodha, maana ndizo zinazochora chati. Madini ghafi ya urani na thoriamu yana namba 2612. Ukiifuata hiyo peke yake kwa nchi za Ulaya utaambulia kiasi kidogo mno. Mzigo wenyewe uko 2844: humo mna urani asilia na michanganyiko yake (2844.10), urani iliyorutubishwa (2844.20), na urani hafifu iliyobaki baada ya kurutubisha (2844.30). Fueli iliyokwisha kuundwa tayari kuingizwa kwenye kinu cha nyuklia haiko hata jirani na hizo, imewekwa kwenye sura ya mitambo, namba 8401.30. Hata ule unga wa njano unaotoka mgodini, nchi nyingi huuandika 2844, kwa kuwa umeshapita kwenye kemikali. Mchoraji akizikusanya namba hizi zote chini ya kichwa kimoja, msomaji anafikiria shimo la mgodi mahali palipo na kiwanda.

Haikuwa hivi siku zote. Kuna wakati Ulaya ilichimba urani kwa wingi wa kutisha. Kampuni ya Wismut, Ujerumani Mashariki, ilitoa takriban tani 231,000 kati ya 1946 na 1990 kutoka milima ya Saxony na Thuringia, na karibu yote ilikwenda Urusi ya Kisovieti kwa mabomu na vinu. Chekoslovakia ilitia saini mkataba wa kuiuzia Moscow urani Novemba 1945, vita vikiwa vimekwisha miezi michache tu, na miaka ya mwanzo ya utawala wa kikomunisti wafungwa wa kisiasa walichimba Jáchymov bila kinga yoyote dhidi ya mionzi. Hungaria na Bulgaria nazo zilipeleka upande huohuo. Kwa hiyo ukichora mstari wa miaka hiyo, mauzo ya madini yenyewe yalielekea mashariki, kwa bei ambayo muuzaji hakuwa na sauti nayo. Kusafisha eneo la Wismut tangu 1991 kumeshaigharimu serikali ya Ujerumani zaidi ya euro bilioni 6. Gharama hiyo haionekani kwenye chati yoyote ya mauzo, nami naomba somo lako lisiiache nyuma.

Kisha migodi ikazimika mmoja baada ya mwingine. Bulgaria 1992, Hungaria 1997, Hispania 2000, Ufaransa na Ureno 2001, mgodi wa Rožná wa Ucheki 2017, Crucea wa Romania 2021. Sababu kubwa ni bei. Mawe ya Ulaya yalikuwa na urani kidogo na yako chini sana, ilhali Kanada ilipata miamba yenye urani nyingi mno, na Kazakhstan ikajifunza kuitoa kwa kupitisha asidi ardhini bila kuchimba shimo. Leo kinachotoka kwenye ardhi ya Umoja wa Ulaya ni kama kile cha Terrafame, Sotkamo, Ufini, ambako tangu 2024 urani inakamuliwa kama zao la ziada la nikeli na zinki. Mpango wao ni hadi tani 200 kwa mwaka, wakati vinu vya Umoja wa Ulaya vinahitaji zaidi ya tani 12,000.

Lakini hata kabla ya Wismut, Ulaya ilishajua kuuza nje madini ya mionzi yasiyo yake, na hapa historia inatugusa sisi tunaosoma Kiswahili. Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, iligunduliwa 1915. Kuanzia 1922 Wabelgiji walisafirisha mawe yake hadi Olen, Ubelgiji, wakayatoa radiamu, elementi yenye mionzi mikali, na kuiuza kwa hospitali na maabara za dunia nzima. Kwa miaka kadhaa, hadi Kanada ilipoingia sokoni miaka ya 1930, Ubelgiji ndiyo iliyoshika biashara hiyo. Urani yenyewe ilihesabiwa kuwa mabaki, ikitumika kutia rangi vyungu na vioo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi huo, alihamishia New York zaidi ya tani 1,200 za madini ya Shinkolobwe, na ndiyo yaliyokuja kununuliwa na mradi wa bomu la Marekani. Ukisoma takwimu za radiamu za miaka ya 1920 utaona Ubelgiji. Mgodi haupo Ubelgiji. Muundo unaouona kwenye chati yako leo una umri wa miaka mia moja.

Sasa tufuate mzigo mmoja, maana bila kuufuata mtu haelewi pesa inaingilia wapi. Unga wa njano hufika Ulaya ndani ya mapipa ya chuma ya lita 200, kila moja likiwa na kilo kama 400, kwenye makontena ya kawaida ya melini. Kituo cha kwanza kwa upande wa Ufaransa ni Malvési, nje kidogo ya mji wa Narbonne, ambako kampuni ya Orano huusafisha na kuugeuza kuwa chumvi ya kijani, tetrafloraidi ya urani. Chumvi hiyo hupelekwa Pierrelatte, bonde la Rhône, ikaongezewa florini hadi kuwa heksafloraidi. Kiwanda kipya cha kazi hii, kilichopewa jina la Philippe Coste, kilizinduliwa 2018 na kimejengwa kwa uwezo wa tani 15,000 kwa mwaka. Uingereza nayo ilikuwa na kazi kama hii kule Springfields, ikaiacha 2014.

Heksafloraidi ni kitu cha ajabu. Kwenye joto la kawaida ni gumu na jeupe kama chumvi ya mawe, lakini ukilipasha kupita nyuzi 56 hivi linageuka gesi moja kwa moja, bila kupita kwenye umajimaji. Ndiyo sababu likachaguliwa. Husafirishwa ndani ya silinda nene za chuma zenye kipenyo cha sentimita 122 na urefu wa karibu mita 4, kila moja ikibeba hadi tani 12.5. Silinda hizo ndizo utakazoziona zimepangwa kwenye uwanja wa nje wa kiwanda cha kurutubisha, safu kwa safu. Ndani ya kiwanda, gesi inaingizwa kwenye sentrifuji, mirija myembamba inayozunguka kwa kasi ya ajabu ndani ya ombwe. Molekuli yenye urani-235, ile inayopasuka na kutoa nishati kinuni, ina uzito wa 349, ile ya urani-238 ina 352. Tofauti haifiki asilimia moja, na biashara nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo. Mrija mmoja hutenganisha kidogo sana, ndiyo maana inaunganishwa maelfu kwa maelfu, hadi asilimia 0.711 ya asili ya urani-235 ifike 4 au 5 inayotakiwa na vinu vingi.

Ulaya ina wafanyaji wawili wa kazi hiyo. Urenco ilizaliwa kwa mkataba wa Almelo wa Machi 1970 kati ya Uingereza, Uholanzi na Ujerumani, na ina viwanda Almelo (Uholanzi), Gronau (Ujerumani) na Capenhurst (Uingereza), pamoja na kimoja Marekani, New Mexico. Orano wanacho kiwanda cha Georges Besse II, Tricastin, Ufaransa. Kiwanda chao cha kwanza cha mahali hapo kilianza 1979 na kufungwa 2012. Kilitumia njia ya zamani ya kupenyeza gesi kwenye utando, na kilipofanya kazi kwa uwezo wote kilimeza umeme wa karibu vinu vitatu vya nyuklia vilivyo jirani. Kipya kinatumia umeme pungufu mara 50 hivi. Hapo ndipo Wafaransa walipopata nguvu ya kuendelea kuuza nje kwa bei inayoweza kushindana.

Tuhesabu, hata ubaoni inawezekana. Ili kupata kilo 1 ya urani yenye asilimia 4.5, ukiacha mabaki yenye asilimia 0.22, unahitaji kilo 8.7 za urani asilia na vipimo kama 7.3 vya kazi ya kutenganisha. Kipimo hicho ndicho sarafu ya viwanda hivi. Kila mkataba huandikwa kwacho. Tuchukue bei za kukadiria zisizo mbali na soko la miaka hii: dola 80 kwa ratili ya unga wa njano, dola 60 kubadilisha kilo moja kuwa heksafloraidi, dola 180 kwa kipimo kimoja cha kurutubisha. Urani yenyewe, ukikumbuka kwamba unga si urani tupu, itagharimu karibu dola 1,800. Kubadilisha, kama dola 520. Kurutubisha, kama dola 1,300. Jumla inakaribia 3,650, na nusu yake ni kazi ya kiwandani. Bado hujaunda fueli. Kilo ile ikitoka Almelo kwenda Marekani, forodha kwa kawaida inaandika thamani yote, pamoja na ile ya mgodi wa Kanada au wa Niger.

Swali la kama hii ni bidhaa au ni huduma limefika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Wauzaji wa Ulaya walishtakiwa kwamba wanauza kwa bei ya chini kupita haki. Wakajitetea kwamba mikataba yao ni ya kazi tu, hawauzi mali, hivyo sheria ya bidhaa haiwahusu. Januari 2009, katika kesi ya Eurodif, kampuni ya Kifaransa ya kurutubisha urani, mahakama ilikubali kwamba serikali inaweza kuihesabu urani ile kuwa bidhaa iliyouzwa. Kwa mtu wa takwimu, hukumu hiyo ina uzito. Kimsingi mteja ananunua kazi, lakini kwenye meza ya forodha anaonekana amenunua urani ya Ufaransa.

Sasa mwelekeo wenyewe. Miaka ya 1990 na 2000 soko lilikuwa na urani tele ya bei nafuu, hasa kwa sababu Urusi ilikuwa inazimua tani 500 za urani ya mabomu na kuiuzia Marekani, mpango uliodumu 1993 hadi 2013. Baada ya ajali ya Fukushima ya 2011 Japani ikazima vinu, mahitaji yakashuka. Mwishoni mwa 2016 ratili ya unga wa njano ilikuwa chini ya dola 20. Kipimo cha kurutubisha nacho kilianguka hadi chini ya dola 40 mwaka 2018. Kiwanda kiliweza kufanya kazi ileile ya mwaka uliotangulia, na mstari wa thamani bado ukashuka.

Kilichougeuza mstari ni Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Urusi inashika zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wa kurutubisha urani duniani, na vinu vya Marekani vilikuwa vikiitegemea kwa karibu robo ya mahitaji yao. Mei 2024 Marekani ilitia saini sheria ya kupiga marufuku urani iliyorutubishwa Urusi, kuanzia Agosti mwaka huohuo, na ruhusa maalumu za kuendelea zikikoma mwanzoni mwa 2028. Novemba 2024 Moscow nayo ikaweka vizuizi vyake. Wateja wakakimbilia pale palipo na uwezo, yaani Uholanzi, Ujerumani, Uingereza na Ufaransa. Kipimo kilichokuwa chini ya dola 40 kikapita 150 mwaka 2024, na Januari ya mwaka huo ratili ya unga ilipita dola 100. Orano waliamua 2023 kutumia euro bilioni 1.7 kupanua Georges Besse II kwa zaidi ya asilimia 30, uzalishaji wa nyongeza uanze 2028. Urenco wanaongeza mashine pia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya chati ambayo haitarudi chini haraka, kwa sababu kampuni za umeme huandikishiana mikataba ya miaka kumi na zaidi.

Kuna mkondo mwingine mdogo lakini wa maana: fueli iliyokwisha kuundwa. Ukraine ilikuwa ikiletewa fueli na Urusi. Sasa vinu vyake vinahudumiwa na kiwanda cha Westinghouse cha Västerås, Uswidi, na Septemba 2023 kinu cha aina ndogo ya VVER-440, muundo wa Kirusi, kule Rivne kikapakiwa fueli hiyo kwa mara ya kwanza. Hayo yanaonekana kwenye 8401.30.

Na Ujerumani ndiyo mfano unaowashangaza wengi. Ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Gronau inaendelea kurutubisha, Lingen inaendelea kuunda fueli, na takriban vyote wanavyotoa vinakwenda nje. Nchi isiyo na mgodi wa urani wala kinu kinachozalisha umeme bado iko kwenye orodha ya wauzaji.

Kabla hujawapa wanafunzi hitimisho, kwanza uliza kama chati ni ya euro au ya tani. Kama ni ya euro, sehemu kubwa ya mpando wa karibuni ni bei. Halafu tazama mwaka 2020. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya na Euratom, jumuiya ya nyuklia ya Ulaya, tarehe 31 Januari, na kipindi cha mpito kikaisha Desemba. Silinda iliyokuwa ikisafiri kati ya Almelo na Capenhurst kama mzigo wa ndani ikaanza kuhesabiwa kuwa imeuzwa nje, na hakuna gramu iliyoongezeka duniani. Tena, urani mara nyingi huhama kwenye daftari bila kusogea: mwenye mzigo Kanada na mwenye mzigo Ufaransa wanabadilishana umiliki, kila mmoja anachukua kilicho karibu, meli haitoki bandarini. Mauzo halisi na mienendo ya silinda si kitu kimoja.

Usisahau pia kwamba si kila kinachotoka ni mali ya kujivunia. Gronau ilipeleka Urusi urani hafifu iliyobaki kuanzia 1996 hadi 2009, na tena 2019 na 2020, mbele ya maandamano ya wananchi wa pande zote mbili. Ufaransa hupeleka Seversk, Siberia, urani iliyotolewa kwenye fueli iliyotumika, kwa kuwa ndiko kuliko na kiwanda cha kuibadilisha. Tani hizo nazo zimo ndani ya 2844. Uhusiano na Urusi ni wa pande mbili: mwaka 2023, kwa hesabu za Wakala wa Ugavi wa Euratom, asilimia 23 ya urani asilia iliyofikishwa kwa vinu vya Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi, na karibu asilimia 38 ya kazi ya kurutubisha ilifanyika huko. Sehemu yake ilikuwa akiba ya nchi zenye vinu vya Kirusi zilizohofia kukatiwa. Ulaya inauza kazi hii kwa Marekani huku yenyewe ikiinunua kwa jirani.

Niger nayo ichunguze kwa makini. Mwaka 2022 ilitoa robo ya urani asilia ya Umoja wa Ulaya. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023 sehemu yake ikashuka hadi asilimia 14, Kanada ikapanda hadi 33. Juni 2025 serikali ya Niamey ikatangaza kuitaifisha SOMAÏR, kampuni ya mgodi wa Arlit iliyokuwa chini ya Orano. Mauzo ya Ulaya hayakutetereka. Viwanda vilibadilisha mgodi wa kununulia na kazi ikaendelea, na hilo linakuonyesha nani ana nafasi ya kuchagua katika biashara hii.

Mkuju sasa. Mradi ule wa wilaya ya Namtumbo unaendeshwa na Mantra Tanzania, iliyo chini ya Uranium One ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Eneo lake lilikatwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2012 kwa idhini ya kamati ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio. Uzalishaji kamili ukianza, mauzo ya unga wa njano yatahesabiwa kuwa ya Tanzania, hilo halina utata. Lakini unga huo hauwezi kuingia kwenye kinu ulivyo, na viwanda vya kibiashara vya kuugeuza heksafloraidi viko katika nchi tano tu: Kanada, Ufaransa, Marekani, Urusi na China. Pipa la Namtumbo litakwenda mojawapo ya hizo. Likipita Ufaransa, likirutubishwa Tricastin na kuuzwa nje, litatokea kwenye chati yako kama 2844.20 ya Ufaransa. Likipita Urusi, ambako ndiko nyumbani kwa mmiliki wa mradi, halitaonekana kwenye chati ya Ulaya hata kidogo, ila kama Ulaya italinunua na kuliuza tena nje.

Ukipata nafasi, wape wanafunzi jedwali la mauzo ya Tanzania na uwaache watafute namba 2844.10 mwaka hadi mwaka. Siku mstari huo utakapoanza kujaa, waangalie safu ya pembeni yenye jina la nchi inayopokea na ile ya bei kwa kilo, wailinganishe na bei ya dunia ya mwezi huohuo.